Nywele za asili na mazoezi kwa sie tunaoishi Dodoma: mwongozo kamili kuanzia jasho mpaka siku ya kuosha

Nimeamua kuandika hii mana nimechoka kusikia wadada wenzangu wanasema "mi mazoezi siwezi wiki hii, nimetoka kusuka juzi." Na mimi nilikuwa msemaji mkuu wa hayo maneno. Mwaka wa kwanza nahamia Dodoma nilikuwa nakimbia Jumatatu na Jumanne, Jumatano naenda saluni, afu siku zote zilizobaki nakaa ndani nalinda nywele kama yai, mwisho wa mwezi uzito umepanda na nywele zenyewe zinakatika. Na sio sisi tu. Marekani mwaka 2011 daktari mkuu wa serikali yao kipindi hicho, Regina Benjamin, alienda mpaka kwenye maonyesho ya nywele pale Atlanta kuwaambia wanawake wasiache mazoezi kwa ajili ya nywele, na utafiti mmoja wa hukohuko uliotoka 2012 uliwahoji wanawake weusi 103 na karibu 38 kwa kila 100 walikiri wanakwepa mazoezi kwasababu ya nywele. Yani mtu anaacha moyo na presha yake anashika suko. Inaniuma sana hii.

Kabla ya hatua yoyote naomba ushike kitu kimoja, mana ndo kimebadilisha kila kitu kwangu: ngozi ya kichwa na nywele ni vitu viwili tofauti. Ngozi ndo inatoka jasho, ngozi ndo inawasha, ngozi ndo inanuka, kwahiyo ngozi ndo inataka kuoshwa mara kwa mara. Nywele yenyewe haitoi jasho, yenyewe inataka unyevu na inataka iachwe itulie. Wengi tunafanya kinyume: tunapaka ngozi mafuta mpaka inang'aa afu nywele tunazichana kila siku. Geuza hapo, mengine yote yatafuata.

DODOMA INAZIFANYA NINI NYWELE ZAKO

Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa sehemu zenye unyevu, hata mtu wa Dar akikuelekeza kuna vitu havifanyi kazi huku. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua zetu ni msimu mmoja kama Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima inanyesha kama milimita 550 hadi 600 tu. Hewa kavu. Ukikimbia Dar jasho linakukaa mwilini unaliona, ukikimbia huku asubuhi kwenye barabara za Ilazo au Kisasa jasho linakauka kabla hujafika getini, unajishika kichwa unasema mbona sijatoka jasho. Umetoka! Maji yake ndo yameondoka, chumvi imebaki. Pitisha kidole kwenye paji la uso afu lamba, utajua ninachosema. Sasa chukua hiyo chumvi, changanya na vumbi letu jekundu la Juni mpaka Septemba upepo unapovuma, ongeza na yale mafuta mazito uliyopaka kichwani jana, unapata kama uji uliokaukia kwenye mashina ya nywele. Ndo mana siku ya tatu kichwa kinawasha mpaka unakigonga na kiganja.

Jambo la pili ni maji. Maji yetu mengi yanatoka ardhini, ya mjini yanavutwa visima vya Mzakwe na mitaani kuna visima vya watu binafsi, na mengine yana madini ya chokaa mengi. Angalia birika lako ndani, ukikuta ukoko mweupe ujue huo ukoko unaenda na kichwani. Dalili nyingine ni shampuu kugoma kutoa povu na nywele kuwa ngumu kama katani hata baada ya kondishena. Nilidhani kondishena niliyonunua ni feki kumbe ni maji. Nitarudi hapo kwenye siku ya kuosha.

HATUA YA 1: CHAGUA MTINDO KABLA HUJAPANGA RATIBA

Mtindo wa mtu wa mazoezi unatakiwa ufanye mambo mawili, uache ngozi ionekane ili maji yaifikie, na usivute. Basi. Kwangu mimi mshindi ni twende kilioni ya nywele zako mwenyewe bila rasta, mistari minene minane au kumi, inakaa wiki moja hadi mbili, maji yanapita katikati ya mistari vizuri kabisa. Wa pili ni twisti kubwa za nywele zako, na mabutu kama nywele bado fupi. Nywele za uzi nazo nazipenda sana, bibi zetu walijua wanachofanya, uzi unanyoosha nywele bila moto na ncha zinakuwa zimefichwa, ila usikaze shinani.

Rasta zinawezekana ila ziwe za kati sio nyembamba zile mia kidogo, zisiwe ndefu mpaka kiunoni mana uzito wake ukiruka kamba unavuta mizizi, na zisizidi wiki sita. Kubloo au kunyoosha na pasi kama unafanya mazoezi siku nne kwa wiki, dada yangu, achana nayo, jasho la siku moja tu zinarudi zilivyokuwa na we utataka kuzichoma tena, hapo ndo zinapoungua.

Sasa ile ya kubana nywele zote nyuma kwa nguvu na jeli kila siku. Hii imenitesa mwenyewe. Nilibana hivo karibu mwaka mzima kwasababu ilikuwa rahisi, afu kuna saluni nikienda wananisuka mpaka siwezi kulala, nikilalamika naambiwa vumilia ndo itakaa vizuri. Nywele za mbele na za pembeni zilitoka zote, upande wa kushoto pakawa kama kiganja cha mtoto. Kitaalamu hayo ni madhara ya kuvutwa, ukiwahi kuacha zinarudi, ukichelewa miaka vishina vinakufa na nywele hazioti tena. Zangu zilirudi baada ya kama miezi minane ya kutobana kabisa. Kwahiyo msusi akikukaza mwambie alegeze palepale, na ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mstari wa mbele siku hiyohiyo fumua, hela itauma ila fumua.

HATUA YA 2: KABLA YA KUTOKA

Dakika tano tu. Kwenye chupa ya spreya weka maji na kondishena kidogo, mi naweka kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, natengeneza ya siku mbili tatu tu mana ikikaa inaharibika. Pulizia NCHA na urefu wa nywele, sio ngozi. Afu matone machache ya mafuta kwenye viganja, pitisha kwenye ncha tu. Ngozini usipake kitu kabla ya mazoezi, jasho linahitaji njia ya kutoka, ukiliziba na mafuta ya mgando unajitafutia vipele.

Wengi wanaweka glisirini kwenye hiyo spreya. Kipindi cha mvua sawa, ila Julai na Agosti hewa ikiwa kavu mi iliniachia nywele zinanata na kukauka, nikaiacha mpaka Desemba.

Afu funga kichwani. Vitambaa vya pamba vinanyonya jasho vizuri lakini vinasugua na kunyonya mafuta ya nywele, satini haisugui ila hainyonyi jasho. Suluhisho langu: nilimpelekea fundi cherehani kitambaa cha pamba cha upana wa vidole vinne, akakishonea satini upande wa ndani ule wa nyuma unaogusa nywele, mbele kwenye paji akaacha pamba tupu. Vipande vya satini mafundi wanavyo vimebaki kwenye magauni ya sherehe, watakupa hata bure. Kifunge kwenye paji la uso chini kidogo ya nywele zinapoanzia, na kilegee kiasi kwamba kidole kinapita. Kikiacha alama umekaza.

Kwa dada zangu mnaovaa hijabu mazoezini, chagua nyepesi inayopitisha hewa na ndani vaa kikofia cha satini badala ya kile cha kubana, na kikubwa zaidi usiifunge juu ya nywele mbichi. Nywele mbichi zikifungiwa muda mrefu zinanuka na zinachochea mba.

HATUA YA 3: NUSU SAA YA KWANZA BAADA YA MAZOEZI

Hapa ndo unashinda vita au unashindwa, na wengi tunakosea kwasababu tunawahi kazini. Tukitoka jimu tunavaa kofia au wigi palepale juu ya jasho, tunapanda bodaboda na helmeti ya watu kumi, tunaenda kukaa ofisini Mtumba mpaka jioni.

Fanya hivi. Ondoa kitambaa cha kichwani mara tu unapomaliza, usisubiri kufika. Chukua tisheti ya zamani ya pamba, sio taulo lenye nyuzi, bonyeza kichwani sehemu kwa sehemu, usisugue. Ziachie hewa dakika kumi hadi kumi na tano wakati we unakunywa maji na kunyoosha misuli. Kama siku hiyo umetoka jasho kidogo, mfano umetembea tu au umefanya yoga, hapo inatosha, pulizia ncha, pitisha vidole, maisha yaendelee.

Kama ni siku ya jasho la kweli, yani umekimbia kilomita saba au umefanya zumba saa nzima, suuza ngozi. Sio kuosha, ni kusuuza. Mi natumia chupa ile ya tomato sosi yenye mdomo mwembamba, nimeisafisha vizuri, naijaza maji ya uvuguvugu, naingiza mdomo kwenye kila mstari namwaga kidogo huku napapasa kwa ncha za vidole, chupa mbili zinatosha kichwa kizima. Sio lita moja hiyo. Nasisitiza hili mana najua mgao wa maji mitaani kwetu, kuna wiki ndoo moja inagombaniwa na watu wanne, na wengi wanadhani kutunza nywele ni kwa wenye bomba la shawa. Chupa ya sosi mbili. Maji yale yanabeba chumvi na vumbi yanaondoka, mafuta ya asili kwenye nywele yanabaki. Ukimaliza bonyeza tena na tisheti, hakikisha MASHINA yamekauka ndo uvae kitu kichwani. Kwa hewa yetu hii mashina ya mistari yanakauka haraka, hapa ukavu wa Dodoma unatusaidia, watu wa Tanga hawana hii bahati.

Helmeti ya boda beba kikofia chako chepesi cha kuvaa ndani. Ni usafi na ni nywele pia, na helmeti yenyewe usiikatae jamani.

HATUA YA 4: SIKU YA KUOSHA

Kwa nywele zetu wataalamu wa ngozi huwa wanashauri kuosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Kwa mtu wa mazoezi siku tatu na zaidi mi nasema mara moja kwa wiki, usivuke, na ukisikia kuwasha usisubiri siku ifike. Mi naosha Jumapili mchana.

Anza usiku wa kuamkia siku hiyo au lisaa limoja kabla: mafuta ya nazi kwenye nywele kavu, urefu na ncha. Najua sisi tuna alizeti ya Singida mlangoni na mafuta ya ubuyu mibuyu yote hii, na nayapenda yote mawili kwa kupaka juu baada ya kuosha. Lakini kwa kabla ya kuosha nazi ndo yenyewe, kuna utafiti wa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli (mineral oil), ya nazi tu ndo yalipunguza protini inayopotea kwenye nywele wakati wa kuosha, mana yanaweza kupenya mpaka ndani ya unywele na hayo mengine yanakaa nje.

Gawa kichwa sehemu nne mpaka sita, kila sehemu isokote ilegee. Shampuu ichanganye na maji ndani ya ile chupa ya sosi, kama kijiko kimoja cha chakula kwa chupa, mwaga kwenye ngozi sehemu moja baada ya nyingine, papasa kwa ncha za vidole sio kucha, dakika mbili tatu kila sehemu. Nywele zenyewe usizisugue wala usizikusanye juu ya kichwa kama unafua shati, povu likishuka wakati wa kusuuza linazitosha. Rudia mara ya pili kama povu la kwanza limetoka na rangi ya vumbi, Agosti huwa linatoka kama chai ya maziwa.

Sabuni ya mche hapana. Najua tumekua nayo, lakini ina alikali kali, pH yake iko kwenye 9 hadi 10 wakati ngozi ya kichwa iko kwenye 5 hivi, na ikikutana na maji ya chokaa inaganda inakuwa utando unaobaki kwenye nywele. Na magadi usijaribu kabisa, kuna mtu aliniambia yanatoa uchafu vizuri, ni kweli, yanatoa na nywele. Yaache kwenye mboga.

Sasa ile habari ya maji magumu. Njia tatu. Ya kwanza na nzuri kuliko zote ni maji ya mvua, Desemba mpaka Aprili kinga hata ndoo tatu kutoka kwenye bati safi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, funika, tumia kusuuzia mwisho, utaona nywele zinavyolainika utashangaa ni zako. Ya pili, chemsha maji, yaache yapoe na kutulia usiku kucha, mimina taratibu ya juu uache machicha meupe chini, hii inapunguza chokaa kiasi, sio yote. Ya tatu ni siki, kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu lita ya maji, mwaga baada ya shampuu, hesabu mpaka sitini, suuza na maji, funga macho. Mara moja kila wiki mbili tatu inatosha, na kama ngozi ina kidonda au imechubuka acha mpaka ipone. Limao bichi moja kwa moja kichwani usiweke.

Kondishena ndo sehemu ya kufumua mafundo ya nywele. Paka nyingi kwenye nywele zinazotiririka maji, anza na vidole kuanzia chini kwenda juu, afu chanuo la meno mapana, na shikilia sehemu ya juu ya fundo ili mvuto usifike kwenye ngozi. Kama kondishena yako haitelezi, bamia nne tano zilizochemshwa na kuchujwa na kitambaa safi zinatoa ute mzuri sana wa kufumulia, sisi tuliokula mlenda tunaujua huo ute. Upike siku hiyohiyo, usiuweke kesho, na usuuze vizuri.

Baada ya hapo bonyeza na tisheti, zikiwa bado na unyevu paka kondishena kidogo ya kuacha kichwani bila kusuuza, juu yake mafuta ya alizeti yasiyo na harufu au ubuyu, matone tu, suka mistari yako mikubwa, acha zikauke ndo ulale. Usiku kitambaa cha satini au mto wenye foronya ya satini. Kila siku, sio siku ukikumbuka.

UKIWA NA RASTA

Utaratibu ni uleule wa chupa, tofauti ni kukausha. Shampuu nyepesi kwenye mistari, papasa, suuza sana sana mana povu likibaki ndani ya rasta linakuwa unga mweupe ambao watu wanadhani ni mba. Osha asubuhi, sio jioni, kaa nje kivulini upepo ukupige masaa mawili, minya rasta moja moja na tisheti. Ukilala na rasta mbichi unaamka na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni na hakuna pafyumu itakayoificha.

Wanaoogelea: lowanisha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia ili zisinywe ya klorini, paka nazi, vaa kofia, ukitoka suuza hapohapo.

VITU VIKIENDA VIBAYA

Mba inayowasha na magamba ya njano njano yenye mafuta haiondoki kwa kupaka mafuta zaidi, inazidi, mana fangasi wake wanakula hayohayo mafuta. Nunua famasi shampuu ya ketokonazoli (ketoconazole, dawa ya fangasi), paka ngozini tu, acha dakika tatu hadi tano, suuza, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, na weka kondishena kwenye nywele baada yake mana inakausha. Vipele vyenye usaha kwenye mashina, acha mafuta yote ya ngozi na fumua suko. Mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zimekatika kama zimenyolewa, hasa kwa watoto, hayo ni mapunye na yanataka vidonge vya daktari, krimu peke yake haifiki ndani ya unywele. Na sehemu ikiwa laini inang'aa bila vitundu vya nywele kabisa, au inauma na kuwaka moto katikati ya kichwa, nenda kwa daktari wa ngozi wiki hiyohiyo, kabla hujaenda kwa msusi.

Kingine, kabla hujalalamika nywele hazikui na mazoezi yako, pima. Nyoosha unywele mmoja wa kisogoni na mmoja wa mbele bila kuung'oa, pima kwa rula, andika, rudi baada ya miezi mitatu. Kwa kawaida nywele inaota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwahiyo unategemea sentimita tatu hivi, zetu zinaweza kuwa pungufu kidogo. Ikiwa mbele hakuna kilichoongezeka na kisogoni kimeongezeka, angalia kitambaa chako na unavyobana. Ikiwa kote hakuna, angalia ncha, zinakatika kwa ukavu, ongeza kupulizia na kata ncha zilizopasuka hata kama roho inauma.